Siku Kimya Changu Kilipoandikwa Kuwa Ndiyo

Walinichagua kwa sababu siongei sana. Sisi wafanyakazi wa mikono wa chuo, yaani wapishi, walinzi, watu wa usafi na watu wa bustani kama mimi, tuko na kiti kimoja katika baraza la kampasi, lile ambalo wahadhiri hukutana kila mwezi kuamua mambo ya chuo. Aliyekikalia kabla yangu alikuwa mwongeaji, na kila akitoka mkutanoni tuliletewa kesi mpya. Kwa hiyo mpishi mkuu akasema, "Safari hii tupeleke mtu mpole. Huyu kijana wa maua." Watu wakacheka, swali likazunguka, nami nikawa mjumbe.

Swali huzunguka kweli kweli. Tunakaa nyuma ya jikoni, kwenye mawe ya ujenzi yaliyobaki karibu na tangi la maji, na kila mtu anaulizwa kwa zamu. Anasema ndiyo au hapana kwa mdomo wake. Asiyesema kitu tunajua bado anafikiri, na jambo halifungwi mpaka aseme. Mara moja tulimngoja mama mmoja wa usafi wiki mbili nzima juu ya zamu za Jumamosi, na hakuna aliyeona ajabu. Kwa mama yangu kule Isinya, kikundi chao cha kuku hufanya vivyo hivyo. Nilikua nikidhani ndivyo watu wote wanavyokubaliana.

Mimi nilifika darasa la nane tu. Baadaye nilikata maua kwenye shamba la Isinya, kisha nikapata kazi hapa Kitengela, kwenye chuo hiki kilichojengwa juu ya udongo mweusi unaopasuka wakati wa jua na kushika viatu wakati wa mvua. Katika baraza niliketi mwisho wa meza. Kiingereza chao kilinipita kama malori ya simiti kwenye barabara ya Namanga: nikishika moja, matatu yameshapita. Nilikunywa chai, nikarudi kwenye maua yangu.

Mkutano wa tatu ndio ulioleta habari ya geti dogo. Nyuma ya kampasi, upande wa mabweni, kulikuwa na geti la chuma lenye upana wa mtu mmoja, na wafanyakazi wengi wanaokaa kwenye ploti za kupanga za upande ule walipitia hapo. Sasa kompyuta zilikuwa zimeibwa maabara, na mkuu wa kampasi, ambaye ndiye mwenyekiti wa baraza, alisema geti lile lifungwe kabisa. Kila mtu aingie na kutoka kwa geti kubwa, aonyeshe kadi. Hapo nilielewa kila neno.

Nilimfikiria mwenzangu mmoja. Alikuwa mama wa usafi, mdogo kwa umri, aliyerudi kazini baada ya likizo ya uzazi. Mtoto wake alikuwa na miezi minne, na alibaki na nyanya yake kwenye chumba cha kupanga, hatua chache tu nje ya geti lile. Saa nne na saa saba, wengine tulipokunywa chai na kula, yeye alitoka mbio, akanyonyesha, akarudi akifunga vizuri kitambaa cha kichwa.

"Kuna anayepinga?" mwenyekiti akauliza.

Watu kama kumi na wanane, wenye digrii juu ya digrii, wote wakiangalia karatasi zao. Nikajiambia: sijasema ndiyo. Jambo halijafungwa. Nitasema mwezi ujao, nikishapanga maneno.

"Basi, tumekubaliana," akasema, na wakaenda kwa jambo lingine.

Jumatatu yake geti lilikuwa na mnyororo mpya na kufuli. Nilimkuta mwenzangu amesimama mbele yake na ndoo mkononi.

"Wee, hii ni nini?" akaniuliza.

Nikamwambia ni uamuzi wa baraza.

"Si wewe uko kwa hilo baraza?"

"Niko."

"Na ulisema nini?"

"Sikusema kitu."

Angenitukana ningeona afadhali. "Haya," akasema, akachukua ndoo yake.

Kuanzia siku hiyo alizunguka kwa geti kubwa, akafuata ua mpaka kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi, akarudi kwa njia ya vumbi nyuma. Kwenda na kurudi kulimaliza mapumziko yote kabla mtoto hajashiba. Akachelewa. Msimamizi wake alimwonya kwa mdomo, kisha akamwandikia barua ya onyo, na barua ilisema wazi kwamba akichelewa tena, kazi imeisha. Basi akaacha kwenda, saa nne na hata saa saba. Wakati wa chakula alijifungia stoo ya mifagio, akakamulia maziwa yake kwenye kikombe, akayamwaga, maana hakukuwa na friji ambayo tungeruhusiwa kutumia. Nilijua kwa sababu reki na majembe yangu yalikaa stoo hiyo hiyo, nikawa nangoja nje nikijifanya napalilia.

Mlinzi wa geti kubwa, mzee Mmaasai mwenye utani mkali, hakuniachilia. "Sopa, mheshimiwa! Umetufungia boma, sasa utatufungia na maji?" Niliitikia salamu yake ya Kimaasai, "Ipa," nikapita nimeinamisha kichwa.

Katikati ya mwezi nililetewa kumbukumbu za mkutano, kama kila mjumbe. Mimi husoma polepole, kwa kidole. Siku ya pili nilifika kwenye habari ya geti, na hapo paliandikwa kwamba wajumbe wote waliafikiana. Wote. Nilihesabu majina ya waliohudhuria, la kwangu likiwa la mwisho. Nikavua gambuti zangu za mpira, nikaenda kwa katibu wa baraza, mama wa makamo ambaye maua ya ofisini kwake niliyamwagilia mimi.

"Mama, hapa kuna makosa," nikasema. "Mimi sikuafiki."

"Ulipinga? Sikukusikia."

"Sikupinga. Nilinyamaza."

Akacheka, bila ubaya. "Kijana, ukinyamaza umekubali. Ndivyo mikutano inavyoenda."

"Nani alisema hivyo?"

Akatazama rafu ya mafaili nyuma yake kama mtu aliyeulizwa chumvi ilipo nyumbani kwake na hajui. Nikamweleza jinsi tunavyofanya kwenye tangi la maji. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Mkutano ukianza, kabla ya lolote, kumbukumbu zinathibitishwa. Mwenyekiti anauliza kama kuna sahihisho. Hapo mjumbe yeyote anaweza kusema. Ni dakika moja tu, usiipoteze. Andika, uje usome."

Niliandika kwa siku sita. Karatasi nne nilizichana kwa sababu ya neno moja, kunyonyesha. Kila nikiliandika niliona wale wazee wa miwani wakiniangalia, mimi kijana asiye na mke. Nikajaribu "kumhudumia mtoto", lakini lilisikika kama mambo ya ofisi, na mtu angeweza kusema basi ahudumiwe na nyanya yake. Nikalirudisha.

Siku ya mkutano mwenyekiti aliuliza kama kuna sahihisho. Nikasimama. Hakuna anayesimama katika baraza lile, wote wakageuka.

"Bwana mwenyekiti, naomba kutumia Kiswahili."

"Tumia, kijana. Na unaweza kukaa."

Nilibaki nimesimama, maana ningekaa ningenyamaza. Nikasoma: "Kumbukumbu zinasema wote tuliafikiana juu ya geti dogo. Mimi sikuafiki. Naomba zirekebishwe."

Profesa mmoja wa umri mkubwa, mtu wa kufuata taratibu, akainua kalamu. "Swali. Siku hiyo ulisema hapana?"

"Hapana, Profesa. Yaani, sikusema."

Wachache wakacheka. "Basi kumbukumbu ni sahihi," akasema. "Tunasahihisha yaliyosemwa, si yaliyofikiriwa."

Hilo halikuwa kwenye karatasi yangu. Nikasema lililokuwepo kichwani: "Ni kweli, mimi sikusema hapana. Lakini pia hakuna aliyesema ndiyo. Kwetu swali huzunguka. Hapa sikusikia mtu hata mmoja."

Mwenyekiti akamgeukia katibu. Katibu akafungua daftari lake la mkono, akafuata mistari kwa kalamu. "Hakuna aliyechangia," akasema. "Uliuliza kama kuna anayepinga, kukawa kimya."

Profesa akavua miwani. Akasema polepole, "Mimi mwenyewe siku hiyo nilikuwa nasahihisha mitihani chini ya meza." Meza nzima ikacheka, na safari hii hawakunicheka mimi. "Mwenyekiti, huyu kijana yuko sawa. Hatukuafikiana. Hatukuwepo tu."

Ndipo mwenyekiti akaniuliza kwa nini geti lile linanihusu. Nikasoma sentensi zilizobaki, na nilipofika kwenye lile neno nililisoma mara mbili. Nikasema kuhusu saa nne na saa saba, kuhusu barua ya onyo, kuhusu kikombe cha stoo. Hakuna aliyecheka. Mhadhiri mmoja wa kike alisema kwamba yeye alipokuwa akisoma nje, mtoto wake alibaki kwa mama yake huko Machakos, na asingependa kuendelea na habari hiyo. Mwenyekiti akasema wizi pia ni kweli, na wanafunzi wamepoteza kazi zao zote za mwaka. Sikuweza kumpinga. Walizungumza karibu saa moja, kisha mwenyekiti, bila mtu kumwambia, akauliza mmoja mmoja kuzunguka meza. Swali lilikuwa hili: geti lifunguliwe saa nne na saa saba, mlinzi akae na ufunguo na kitabu cha kusaini, na barua ya onyo iondolewe kwenye faili. Wawili walisema hapana. Nilipofikiwa nilisema ndiyo, kwa sauti kubwa kuliko nilivyotaka.

Jumatatu saa nne mlinzi alifungua kufuli. Mwenzangu alisaini, akatoka, safari hii bila kukimbia. Nilikuwa nikipogoa ua wa michongoma karibu na hapo, nikapogoa tawi moja mara nyingi.

Alirudi kabla ya kengele. Uso wake haukuwa wa furaha niliyoitarajia.

"Mtoto alikataa mwanzo," akasema. "Amezoea chupa. Aliniangalia kama mgeni." Akafunga kitambaa chake. "Nikamngoja. Baadaye akashika, kidogo tu."

"Kesho atashika zaidi," nikasema.

"Pengine," akasema. "Maziwa nayo yamepungua." Akachukua ndoo, akaanza na ngazi za maktaba.