Mawese ya Mhunzi wa Misunkumilo

Saa moja asubuhi Misunkumilo, mjini Mpanda, inanukia mawese kana kwamba kuna harusi. Ukiifuata harufu hiyo hukuti sufuria. Unamkuta Cyriaque, mhunzi, akizamisha jembe jekundu kwenye pipa la mafuta. Mkewe, Générose, anaacha mivukuto na kusogea. Wote wawili wanatega masikio.

Pipa linatokota tu, basi.

"Enzi za kupozea kwa maji ungesikia 'ta'," anasema Cyriaque. "Ukisikia hivyo, jembe limekufa."

Alikimbia mauaji ya Burundi mwaka 1972, kijana mwenye nyundo ya baba yake begani na patasi yake ya kugongea alama mfukoni. Baba alibaki, na hakuonekana tena. Somo alilomwachia lilikuwa fupi: chuma kikiiva, kitie majini.

Hapa Mpanda, chuma kinachopatikana ni springi za malori mabovu. Cyriaque akazifua, akazitia majini, zikapasuka. Mbaya zaidi ni majembe yaliyosubiri kufika shambani ndipo yavunjike, mvua imeshanyesha na mkulima hana lingine. Wateja wakapungua. Akaacha kugonga alama ya baba yake, mwezi mchanga, kwenye majembe.

"Niliona namwaibisha. Tena nilimkasirikia. Nilidhani kuna siri alinificha, akaenda nayo."

Mwaka juzi jembe la Cyriaque lilimvunjikia Bernadetha, mkulima wa mpunga wa Usevya. Binti yake, Verdiana, anayesomea uhandisi Dar es Salaam, akalirudisha mwenyewe.

"Nikajua leo tunatukanwa," anacheka Générose. "Kumbe dada wa watu anaomba vipande akasome navyo."

Masomo ya Verdiana ni kutumia kompyuta kufuatilia chuma kinavyogeuka ndani kinapopoa. Cyriaque hakuamini. Mashine isiyoota moto itaujulia wapi moto?

Likizo iliyofuata, Verdiana alirudi na jibu. "Kwenye maji, baba, springi inapoa ghafla," alimweleza. "Ngozi inakuwa ngumu kwanza. Moyo nao ukigeuka unavimba, ngozi haina pa kwenda, inapasuka. Ipoze taratibu, kwenye mafuta. Halafu irudishe kwenye moto mdogo mpaka ing'ae buluu."

Mafuta yaliyokuwepo ni mawese ya Karema, kando ya Ziwa Tanganyika; Cyriaque akajaza pipa. Msimu mzima wa kilimo, hakuna jembe lililorudishwa.

Lakini Cyriaque alikuwa bado na dukuduku juu ya baba yake. Akamwomba Verdiana ajaribu kwenye kompyuta chuma cha baba yake, kile laini kilichoyeyushwa kutoka kwenye mawe ya kwao. Mwezi huu binti amekuja tena.

"Maji ya baba yenu hayakuwa na kosa," alimwambia. "Chuma kile kwenye maji kinatulia tu, hakipasuki. Hiki chenu cha springi ndicho cha aina nyingine."

Cyriaque aliinama akajifanya anatafuta koleo. Mkewe hakudanganyika.

"Baba alinifundisha yote aliyoyajua," anasema Cyriaque sasa, taratibu. "Miaka yote hii nilimnung'unikia bure. Namshukuru binti yule, na mashine yake, kuliko ninavyoweza kusema. Nyie waandishi andikeni hivyo."

Anataka kabla ya mvua za Novemba apeleke jembe jipya Usevya kwa Bernadetha, na baadaye amfundishe kazi yeyote atakayetaka, maji na mafuta, bila kuficha kitu.

Jembe la leo limepoa, likarudishwa kwenye moto mdogo mpaka likang'aa buluu. Générose analishikilia juu ya fuawe. Cyriaque anaweka patasi ya baba yake karibu na pa kutia mpini, sehemu isiyozamishwa, anavuta pumzi, anagonga mara moja. Mwezi mchanga unatokea.