Kuku wa Kuomba Radhi

Mama mkwe wangu Nyamizi alikuwa mwanamke wa jembe. Mjane, ekari mbili za pamba pale Samuye alizilima kwa mkono wake. Hata moyo ulipoanza kumsumbua aliendelea kupalilia, akipumzika kila amalizapo mstari mmoja. Kisha miguu ikavimba. Akawa hawezi kulala chali, analala amekaa, ameegemea ukuta. Mganga wa zahanati alimsikiliza kifua, akatikisa kichwa, akaandika barua: aonwe na daktari bingwa wa moyo. Bingwa huyo alifika hospitali ya mjini Shinyanga siku moja tu kila miezi mitatu.

Mwaka ni 1981. Petroli hakuna, sabuni hakuna, na wa kumpeleka hakuna isipokuwa mimi. Mwanawe, Majaliwa, alikwenda kuchimba dhahabu upande wa Geita na hata salamu hakuleta tena. Mke wangu Esta alikuwa na mimba changa inayomtapisha kutwa.

"Nenda wewe, Nkwabi," aliniambia. "Mama anakufa huku tunatazamana."

Asiye Msukuma ataniuliza shida iko wapi. Shida ni kwamba kwetu mama mkwe hukai naye benchi moja wala humtazami usoni, na yeye hakutaji jina. Angeniita baba fulani, kama wakwe wengine, lakini huyo fulani alikuwa bado tumboni. Baiskeli nilikuwa nayo, ila nani ampakie mama mkwe kwenye keria? Tulipata lori la pamba: yeye mbele na dereva, mimi juu ya magunia.

Hospitalini alikaa kwenye benchi ndani, mimi nikakaa nje nyuma ya ukuta, barua mfukoni. Nilijiona mkwe mwenye adabu kwelikweli! Zamu yake ilipofika, karani akamwuliza barua iko wapi. Kiswahili cha mama mkwe kilikuwa cha salamu tu, lakini hilo alilielewa. Akaonyesha kidole nje.

"Anayo nani? Anaitwa nani tumwite?"

Aliulizwa mara tatu, na mara ya tatu akajifunika kanga usoni. Karani akaita mwingine. Mchana nilipoingia kuulizia, daktari alikwishapanda gari na kuondoka.

Wazee husema ngoja ngoja huumiza matumbo. Wangemwona Nyamizi wangetaja na miguu. Ile miezi mitatu ilinichosha kuliko msimu wowote wa kulima. Kila asubuhi Esta alikwenda kwa mamaye, akirudi namwangalia uso kwanza kabla sijauliza. Jembe la mama mkwe lilining'inia darini. Pamba yake tuliivuna sisi, naye amekaa mlangoni akihesabu pumzi.

Siku ya pili ya daktari ilipokaribia, lori halikupatikana. Nikaazima mkokoteni wa ng'ombe kwa jirani yangu Bujiku, mama mkwe akakaa juu ya majani makavu, nami nikatembea mbele ya ng'ombe bila kugeuka nyuma. Safari hii barua nilimwachia Esta, naye akamfungia mamaye kwenye pindo la kanga. Nikaona nimeerevuka. Tulipofika, mjinga ni mjinga tu, nikarudi kulekule nyuma ya ukuta.

Daktari alimwita, akaipokea barua, akaanza kumwuliza maswali. Hakujua neno la Kisukuma, na muuguzi aliyezoea kumtafsiria hakuwepo siku hiyo. Akamwashiria mama mkwe alete mtu wake.

"Nkwabi!"

Nilidhani nimesikia vibaya. Nikachungulia. Mama mkwe amesimama mlangoni, ameshika fremu kwa mikono miwili, anahema.

"Nkwabi we! Njoo!"

Wasukuma wote waliokuwa kwenye benchi waliinamisha vichwa. Niliingia mbio huku nikiona aibu yake kuliko yangu. Nikasimama nimeelekea ukutani, nikitafsiri, maswali na majibu yakapita mgongoni kwangu, wakati daktari anampima.

Mwishowe daktari akaongea nami taratibu. Kwamba moyo umechakaa. Kwamba atampa dawa za kupunguza maji. Kwamba angemwona safari iliyopita angemwombea nafasi ya kupasuliwa, lakini sasa hawezi kuhimili kisu.

"Amesema nini?" mama mkwe akauliza.

"Amesema utapewa dawa, mayu," nikamjibu, kama tunavyomwita mama kwetu.

Mengine niliyameza, na mpaka leo hayajashuka.

Siku ya tatu baada ya kurudi, Esta alitoka kwa mamaye na kuku jike amefungwa miguu.

"Mama amekuletea. Anaomba radhi kwa kukutaja jina mbele za watu."

Nilipandwa na hasira hata nikamkaripia mke wangu bure. Heshima si utumwa, tunasema, na mimi nilikuwa mtumwa wa heshima hiyo nyuma ya ukuta wakati mama mkwe anapoteza miezi mitatu. Wa kupeleka kuku nilikuwa mimi. Nilitaka kwenda kumwambia hivyo, lakini nyumbani kwa mama mkwe naingiaje? Nikamfungua kuku miguu, nikamwachia uani.

Kuku huyo alikuwa bado anataga Nyamizi alipofariki. Mtoto wetu alizaliwa mwezi mmoja baadaye, na mama mkwe hakupata jina jingine la kuniita.