Kiu Isiyosikia Maji

Majirani wananiita Mama Koku. Nawasimulia haya ninyi mliolala wodini mkidhani ndiyo basi. Na mimi nilidhani hivyo.

Nilipoolewa kijijini Kimuli nilikuwa mtu wa jembe. Nilipalilia maharage, nikakata ndizi, nikapika, na jioni nilikuwa bado na nguvu za kucheka. Vita vya Kagera vilikuwa vimekwisha miaka michache tu nyuma.

Ugonjwa ulianza na kiu. Nilimaliza kata ya maji, nikarudi mtungini, kinywa bado kikavu kama nimelamba majivu. Kisha mkojo. Nalima kidogo, natupa jembe, nakimbilia mgombani. Narudi, nakimbia tena. Kanisani sikumaliza ibada hata moja. Nilikula kuliko mume wangu Deo, lakini kitenge kilinizunguka mara mbili. Sehemu za siri ziliniwasha hadi nikaona haya kutembea. Na pale nilipokojoa, sisimizi walijaa. Niliwafukia kwa udongo, nikanyamaza.

Mama mkwe aliona ninavyokauka. Akakamua omuramba, ile juisi tamu ya ndizi mbivu, akaniletea kibuyu kwa mikono miwili. Kwetu mkamwana hakatai kinywaji cha mama mkwe. Nikanywa asubuhi, mchana, jioni, na kiu ikazidi kunikimbiza.

"Ongeza, mwanangu," alisema. "Bado hujashiba maji."

Siku ya tisa nilitapika. Pumzi ikawa ndefu na nzito, kama ya mtu anayepanda mlima. Deo akainama karibu na uso wangu. "Mbona unanuka ndizi zilizoivia shimoni?" Wakanibeba kwa machela hadi barabarani, lori la kahawa likatufikisha hospitali.

Daktari alichemsha mkojo wangu na dawa ya bluu. Niliuona ukigeuka kijani, kisha njano, kisha rangi ya tofali.

"Ana kisukari," alisema.

Mama mkwe aliruka. "Daktari, sukari madukani hatujaiona tangu mwaka jana. Huyu ameipata wapi?"

"Anaitengeneza kutokana na chakula, mama, kama mimi na wewe. Mwili una kipimo chake. Dawa ya mwilini inayoingiza sukari kwenye misuli inaitwa insulini, na yake imekwisha. Sukari inabaki kwenye damu, figo zinaimwaga, maji yanaifuata. Ndiyo kiu hiyo. Kwani amekuwa akinywa nini?"

Mama mkwe akasema polepole, "Omuramba. Mimi ndiye niliyekuwa namkamulia." Akajifunika uso kwa kanga.

Dripu na sindano ziliniinua. Deo alifundishwa kuchemsha sindano ya kioo, na chupa ya dawa tuliifukia kwenye chungu cha mchanga uliolowa ili ipoe. Mama mkwe akawa askari. Hakuna kitamu kilichopita mlangoni, hata ndizi mbivu moja.

Mwezi wa pili tangu nitoke hospitali, nilidungwa asubuhi, nikaenda kupalilia kabla ya kula. Jasho la baridi likanitoka. Mikono ilitetemeka, migomba ikawa miwili miwili. Mama mkwe aliniita, nami nikamtukana. Mimi, mkamwana wake, tusi la kilabuni!

Hakukasirika. Alinitazama sana. "Huyu hatukani," alisema. "Kuna kitu kimeshuka." Daktari alikuwa amemwonya kwamba sukari ikipungua mno nayo huua. Akakimbilia ndani, akarudi na kopo la asali aliyoiweka kwa ajili ya kikohozi. Akachota kijiko, akakileta mdomoni pangu.

"Nikikosea tena, nitakuwa nimekuua mara mbili," alisema. "Fungua mdomo."

Nilifungua. Haukupita muda, mgomba ukawa mmoja.

Namshukuru Mungu, namshukuru daktari yule, na Deo. Ukiona kiu, mkojo mwingi na kukonda vimekuja pamoja, kapime. Usione aibu ya sisimizi. Ukiwa kwenye sindano, usishike jembe kabla ya kula, na kitu kitamu kiwe karibu. Watu huniuliza kama nimepona. Hapana, ila naishi, na situlii: kila siku najichungua ulimi, jasho, mikono.

Mama mkwe naye hatulii. Kila asubuhi, kabla sijafungua kinywa kumwamkia, ananiuliza, "Umekula?" Nami najibu hilo kwanza, ndipo nampa shikamoo yake.