Nilifunga air suspension kwenye pikapu ya viazi, nikarudi kwenye koili: shahidi ni mgongo wa mke wangu

Wakuu, heshima kwenu. Vijana mliotaka kunipa shikamoo, marahaba, nimeipokea kabla hamjaandika.

Juzi kuna mtu ameuliza humu, nyuma ya pikapu afunge air suspension au abaki na koili. Majibu mengi niliyosoma ni ya watu wa kuangalia picha. Hawajapakia hata mkungu mmoja wa ndizi.

Mimi nimetumia vyote viwili, gari moja, barabara moja. Siuzi gari, siuzi spea, sina cha kunifanya nidanganye. Na mahali nilipokuwa mjinga nitasema mwenyewe.

Mjue kwanza anayeongea. Nimesoma mpaka darasa la nne nikaenda kuchunga. Nimeanza na jembe, nikaja punda, halafu pikapu, na pikapu hiyo imenunuliwa na viazi vyangu. Nakaa juu ya Olmotonyi, kule nyumba zikiisha msitu unaanza. Anayetaka kusahihisha Kiswahili changu aje tulime naye siku moja, tutaelewana.

Gari ni double cabin. Nyuma ilitoka kiwandani na koili, springi za kujizungusha, siyo zile za vyuma vya kupangana. Kwa mtu wa lami ni nzuri. Kwangu mimi ukipakia inakaa matako chini, taa zinaangalia mawingu.

Sasa shida ilianzia hapa.

Mke wangu, mama Neema, alianguka na mkungu wa ndizi kichwani. Akaumia mgongo. Hospitali walimtibu, wakasema atakuwa sawa, ila asirushwerushwe. Barabara ya kwetu inamrusha hata aliyelala. Akaacha kupanda gari langu. Kanisani anaenda kwa miguu na fimbo, mimi napita na pikapu tupu pembeni yake kama mgeni.

Halafu binti yetu Neema, aliyeolewa Nduruma, akajifungua. Mjukuu wetu wa kwanza, wa kike.

Kwetu mwanamke akijifungua hatoki bomani mpaka anenepe. Hawezi kubeba kichanga akatuletea huku juu kwenye baridi. Bibi ndiye anayekwenda, na anakwenda na kondoo wa mafuta wa kumchinjia mzazi. Bibi asipotokea, watu wa huko wanaanza kuuliza huyu mama wa kwenu ana shida gani na sisi.

Mwezi ukaisha. Kila jioni simu: "Baba, mama anakuja lini?"

Mama Neema akisikia anatoka nje anajifanya anaita kuku.

Nikaenda Olasiti kwa fundi wangu, Godlizen. Ni kijana, lakini mikono yake ina akili. Nikamwambia nataka gari libebe viazi, na gari hilohilo limshushe mke wangu Nduruma bila kumuumiza.

Akafikiri. "Mzee wangu, koili ngumu itabeba viazi, ila ikiwa tupu itamuua mama. Koili laini itambembeleza mama, ila viazi vitailaza. Labda tuweke upepo."

Akanieleza. Unatoa koili, unaweka mifuko ya mpira inayojazwa upepo. Kuna kompresa ndogo na swichi pale mbele. Ukipakia unajaza, gari linanyanyuka. Ukishusha unapunguza, linakuwa laini.

Akauliza, "Huwa unabeba gunia ngapi?"

Nikasema nane.

Akaandika nane. Shikeni hiyo nane, tutairudia.

Mifuko ilitoka Dar, tukasubiri. Akafunga. Nikampeleka mama Neema mpaka lami na kurudi, gari tupu. Njia nzima alikuwa ameshika mlango. Tulipofika nyumbani akasema, "Leo nimepanda gari." Akampigia Neema palepale akamwambia Alhamisi nakuja.

Wakuu, nilivimba. Nilimwonyesha kila jirani ile swichi. Nabonyeza, gari linanyanyuka. Naachia, linakaa. Mzee mwenzangu mmoja akaniuliza kama linakojoa pia. Nikamwambia wivu tu.

Alhamisi ikafika. Na mimi nina ugonjwa wangu: tangu ninunue hilo gari halijawahi kushuka mjini tupu. Nikishuka tupu najiona kama nimesahau suruali. Kuna mnunuzi mjini alikuwa anataka viazi. Nikasema njia ni hiyohiyo, nitashusha viazi kwanza, kisha twende Nduruma.

Nikapakia gunia nane. Juu yake nikafunga kondoo. Nikajaza upepo mpaka gari likasimama sawasawa, nyuma na mbele. Nikaliangalia kwa mbali, halijainama hata kidogo. Nikajua mzigo ni wa kawaida.

Mama Neema alikuja na kanga mpya na kibuyu cha maziwa. Akaangalia nyuma, akanitazama, akapanda.

Hatukufika hata lami.

Kwenye korongo la pili, kulia nyuma, pwaa! Gari likaanguka upande kama ng'ombe aliyepigwa. Chuma kwa chuma. Tairi likaanza kula bodi. Mama Neema alirushwa juu akarudi chini, akatoa sauti ambayo sitaki kuisikia tena.

Nikasimamisha. Akashuka polepole, ameshika kiuno. Maziwa yote yako kwenye kanga.

Akasema, "Baba Neema, nilidhani unanipeleka kwa mjukuu. Kumbe unapeleka viazi, mimi umenibeba nishike mlango."

Akaokota fimbo yake akapanda mlima kurudi nyumbani kwa miguu. Nilitaka kumshika mkono, akaukataa. Nikabaki na gunia nane na kondoo. Kondoo peke yake ndiye hakunilaumu.

Siku nne hakutoka kitandani. Neema akipiga simu nampa jirani apokee.

Godlizen alipanda mwenyewe kuja kuona. Akavua ule mfuko akaniwekea mkononi. Pembeni ulikuwa umekwaruzwa. Ule mchanga wetu mweusi wa mlimani unaingia kati ya mpira na chuma, unasugua kama msasa. Lakini akasema hilo lingechukua miezi.

"Mchanga umeanza tu, mzee. Mzigo ndio umemaliza. Ulibeba nini?"

"Gunia nane, kama nilivyokwambia."

"Gunia gani?"

Nikamwonyesha. Akaangalia, akashika kichwa. "Aisee, mzee wangu! Hizi ni lumbesa!"

Kwa wasiojua, lumbesa ni gunia linalojazwa mpaka mdomoni, halafu linashonewa kilemba juu na kujazwa tena. Serikali imekataza, najua, msinihubirie. Wanunuzi ndio wanataka hivyo. Mimi tangu nianze kuuza viazi sijawahi kuona gunia lisilo na kilemba. Kwangu hilo ndilo gunia.

Tukalipeleka moja kwenye mizani ya mnunuzi wa mahindi hapo kijijini. Kilo mia na arobaini na kitu. Godlizen alikuwa amehesabu mia.

Kwa hiyo kila nikisema nane, gari linabeba zaidi ya kumi na moja. Miaka yote! Zile koili za kiwandani nilizokuwa nazitukana kila siku hazikuwa na kosa. Zilikuwa zinainama kuniambia, mimi nikaziona dhaifu. Nikaenda kununua kitu kinachonyanyua gari ili nisione.

Hilo ndilo kubwa nililotaka kusema. Koili ikizidiwa inainama, unaona aibu yako na majirani wanaiona. Upepo unaificha. Gari linasimama vizuri kama la harusi, kumbe chini kuna kitu kinakufa.

Sisemi air suspension ni mbaya. Mtu wa mjini, wa kubeba mzigo leo na familia kesho, anayejua kilo zake, na anakaa karibu na spea, afunge. Ukiwa tupu hakuna kinachoifikia, mama Neema alisema mwenyewe. Lakini mfuko ukipasuka Olmotonyi umepasuka, utasubiri basi la Dar. Koili hata ikivunjika unafika nyumbani polepole, na ya kubadilisha utaipata Arusha hapahapa.

Godlizen akanifungia koili mpya, ngumu kidogo kuliko za kiwandani, na shokapu mpya. Nikalijaribu tupu, linarukaruka. Nikamwambia umenirudisha kulekule.

Akasema, "Koili hizi zinataka kitu mgongoni. Weka gunia mbili, mzee. Gunia za kweli. Zikipata uzito zinatulia."

Nikakaa chini nikafumua vilemba viwili kwa kisu, viazi vya juu nikavimwaga. Nikashona mdomo wa gunia pale unapotakiwa kushonwa. Sijui kama mnaelewa ilivyonigharimu.

Asubuhi nikamwambia mama Neema gari liko tayari. Akatoka, akazunguka nyuma kwanza.

"Mbili?"

"Mbili."

Akapapasa juu ya kila gunia kwa kiganja kutafuta kilemba. Hakukipata. "Unayashusha wapi?"

Nikasema siyashushi popote, ni ya kutuliza gari.

Akapanda. Nilienda mwendo wa punda mpaka lami, bodaboda wanapiga honi nyuma. Nikapita mjini bila kusimama kwa mnunuzi yeyote. Tukafika Nduruma mchana. Akashuka bila kushika kiuno, akaingia ndani kwa mwanawe. Mimi nilibaki nje nafungua kondoo, nikasikia vigelegele, na baadaye nikasikia mama Neema analia. Siyo kilio cha mgongo.

Jirani wa pale akaja kwenye gari, akagonga gunia. "Mzee, haya unauzaje?"

Kabla sijafungua mdomo, mama Neema akajibu kutoka ndani, na mtoto mikononi: "Hayo hayauzwi! Ni ya kunirudishia mimi nyumbani!"

Akasema nimwachie magunia palepale, nikipita nayo mjini asije akatokea mnunuzi ninayemjua. Nimerudi peke yangu na gari tupu, linarukaruka njia nzima.

Ni wiki ya tano hii. Magunia yako kwenye kona nyumbani kwa Neema, amekatazwa kutoa hata kiazi kimoja cha kuchemsha. Nasikia vimeanza kuchipua. Mwenye mgongo wake bado hajasema siku ya kurudi.

Kwa hiyo wewe uliyeuliza, kabla ya kuchagua springi, pima gunia lako kwenye mizani, na umwambie fundi kilo, siyo idadi. Na jiulize gari hilo linambeba nani.

Wenye barabara kama yangu semeni mmefunga nini. Na wale wa air suspension ambao haijawapasukia, njooni mnibishie, nipo.