Bi Kwani Auliza Nyumbani Kwao

Alikuwa mwanamke wa kwanza katika chuo chake kusomea anthropolojia, elimu ya kuchunguza jinsi watu wanavyoishi. Baba yake hakuficha maoni yake. "Umesoma yote hayo," alimwambia, "ili ukawaulize watu mjomba wao ni nani?" Akacheka mpaka akakohoa. Binti akafungasha, akaenda.

Wenzake wa kiume walikimbilia kwa machifu. Yeye alikwenda kwa wanawake wavunja kokoto, akafunga vidole kwa vipande vya tyubu ya baiskeli visiumie kama wao, akashika nyundo. Pale ukikaa bure hakuna anayekusemesha; ukigonga jiwe utasimuliwa hata ya mume wa jirani. Kila jibu alilipokea kwa "Kwani?", basi wakambandika jina la Bi Kwani. Alipanga chumba cha bati nyuma ya machimbo, akakaa miaka mingi, nyumbani akionekana kwenye harusi na misiba tu. Vitabu vyake vikaanza kufundishwa. Kazi ilikuwa imemkolea, na aliifanya sawasawa, hilo halina ubishi.

Kisha dada yake mkubwa akafariki, akaacha binti mdogo ambaye baba yake alishatangulia. Bi Kwani hakujaliwa mtoto, na huyu alimtaka kwa moyo wote. Alikwishaacha kile chumba cha machimboni, akapanga nyumba karibu na chuo na kununua kitanda cha pili. Kila mtu alijua atapewa, maana yeye ndiye mama mdogo.

Ukoo ukakaa sebuleni. Kaka mtu akasema anayetaka kuzungumza azungumze. Bi Kwani alikuwa anaogopa kulia mbele za watu, kwa hiyo akashika njia aliyoizoea. Akakohoa kidogo, akamgeukia mama yake.

"Kwani kwenu, mama akifa, mtoto anahesabika wa nani?"

Vichwa vikamgeukia.

"Kwetu?" mama akauliza. "Na wewe kwenu ni wapi?"

"Mama, nimeteleza ulimi. Nilitaka kusema kwetu."

"Andika basi, si unajibiwa?" kaka akatania. Hakuna aliyecheka.

"Ulimi wako hauna kosa, mwanangu," mama akasema taratibu. "Umekaa huko mno. Huyu mtoto kafiwa juzi tu. Simpeleki ugenini."

Mtoto akapewa mke wa kaka. Bi Kwani hakubisha. Ilimuuma sana, na kilichomuuma zaidi ni kwamba mama alikuwa na hoja.

Likizo ilipofika alikwenda kumwona mtoto, akampelekea viatu. Mtoto alikuwa amenenepa, amechangamka, anamwita mke wa kaka "mama". Jioni alimsindikiza mgeni hadi getini, amembebea mkoba kwa mikono miwili, kama alivyofundishwa.

"Asante kwa viatu, mama mdogo," akasema. "Karibu tena."

"Asante," Bi Kwani akajibu, akapokea mkoba wake.