Habari za Dezire

"Mutoto ameota meno mawili ya chini, njo hivyo?"

Yule muntu aliuliza akiwa amesimama mbele ya boti yetu, ndani ya maji, yanamufika kwenye vifundo vya miguu, bunduki begani. Sauti yake ilikuwa ya pole, kama ya mulamu aliyekuja kutupokea. Hatukumujua. Feza, muke wa mudogo wangu, alimufunika mutoto uso kwa kitenge.

"Na wewe njo Mama Adele. Goti limepona?"

Goti langu lilikuwa limepona.

"Dezire ni nani kati yenu?"

Wenzake walitoka kwenye matete. Mwenye boti alitazama miguu yake mwenyewe.

"Dezire, fundi wa moteri. Shuka. Tuko na kazi yako."

Mudogo wangu alivua viatu, akaviacha juu ya ubao wa boti. Alishuka. Mumoja wao alichukua sanduku lake la spana.

"Yaya," akaniambia mimi dada yake mukubwa, "muendelee. Mama asikae kwenye jua."

Wakaingia naye kwenye matete.

Mpaka leo sijamuona.

Mimi nimesoma mpaka mwaka wa tatu wa shule ya musingi, basi. Ninauza samaki, mikebuka na ndakala, sokoni hapa Kalemie, na ninaandika kama ninavyosema. Lakini kuna watu ninataka kuwataja kwa majina, na jina lililosemwa sokoni linaondoka na upepo. Ndiyo maana ninaandika.

Mambo yenyewe yalianzia kwenye foni. Asiyejua foni nimueleze: ni mutambo wa redio wa kuongea, uko na waya murefu umefungwa juu ya muti, na batri ya gari chini ya meza. Ile miaka telefone hazikushika Mpala. Mama alikuwa kule, nyumbani kwetu, na sisi tulikuwa Kalemie. Basi kila siku ya posho, ni kusema Jumamosi, sisi tulienda kwenye foni ya hapa, na yeye alienda kwenye foni ya kule, kwa Faustin, mutoto wa marehemu Mama Sidonia. Tulimujua Faustin tangu utoto. Alikula bukari, ule ugali wetu, nyumbani kwetu mara nyingi kuliko kwao.

Kwenye foni hakuna siri. Watu wanakaa kwenye benchi wakingoja zamu, na habari za mumoja ni za wote. Mama alipenda vile. Alivaa kitenge cha misa kwa kuja kuongea na sisi, eti sisi tutamuona. Na kwa sababu kwenye foni lazima useme "terminé" ukimaliza, ili mwenzako naye aanze, mama alikuwa anaiweka kila mahali.

"Mama Adele, goti lako je? Terminé."

"Linapona, mama. Terminé."

"Ulisugua mafuta ya mawese niliyokutumia, ao uliyapikia mboga ya sombe? Terminé."

Hapo benchi yote ya Mpala inacheka, na sisi Kalemie tunasikia kicheko chao kama mvua juu ya bati. Kisha anatuambia kuku gani ametaga, nani ameposwa, padri amehubiri nini, mbuzi ya jirani imekula nini. Akimaliza anaombea wote kwa majina, na anafunga: "Amina. Terminé." Nyumbani kwangu watoto walikuwa wakisali hivyohivyo kabla ya kula. Niliwakataza, lakini nilikuwa ninacheka.

Na kila mara lazima amusifu Dezire mbele ya benchi. "Huyu mutoto wangu, moteri iliyokufa na kuzikwa anaifufua." Na ilikuwa kweli. Dezire alikuwa anauma turnavisi ndefu, ile ya kukazia skurubu, kwa meno, ncha yake nyingine anaiweka juu ya moteri inayonguruma, anafumba macho, anasikiliza kwa mifupa ya kichwa. Kisha anasema ugonjwa. Wavuvi wa kutoka kaskazini walimuletea moteri zao mpaka mulangoni.

Siku mutoto wa Feza alipoota meno, tulienda kwenye foni sisi wote. Mama hakuuliza kama mutoto alilia, wala kama alikuwa na homa. Aliuliza jambo moja tu.

"Chini ao juu?"

Kwetu mutoto akianza meno ya juu ni balaa. Zamani watoto wa hivyo hawakuachwa kuishi. Siku hizi wanaishi, lakini bibi bado anauliza, na moyo wake unasimama mpaka ajibiwe.

"Chini, mama. Mawili," Dezire akasema.

Benchi ya Mpala ikapiga vigelegele. Nilimusikia Faustin mwenyewe akipiga mikono. Ninawaomba mukumbuke hilo.

Wakati huo vita ilikuwa imeanza kula vijiji vya barabarani. Watu walifika Kalemie na magodoro kichwani, wakajenga vibanda vya majani na bashi za plastiki kila penye nafasi. Upande wa Mpala kulikuwa bado shwari, lakini ushwari wa kuogopa. Tulimuambia mama aje.

"Siachi nyumba kwa sababu ya sauti ya foni," akasema. "Muniletee mutoto nimuone meno kwa macho yangu. Nikimuona, nitapanda boti pamoja na ninyi. Terminé."

Ukimubembeleza mama, ni kama kusukuma kiboko. Dezire akakubali. Akataja siku, akataja boti, akataja nani atakuja: yeye, Feza, mutoto, na mimi. Leo kuna watu wa familia wananiambia, "Yaya, mulisema sana." Kwetu muntu haondoki kimya. Mwizi njo anaondoka kimya. Safari inatangazwa ili mwenye kukungoja apike, na mwenye kukuombea ajue anaomba nini. Tulimusalimia mama yetu kama watu. Kama hilo ni kosa, basi waliofanya vita wametushinda mara mbili.

Na Dezire hakuwa mujinga. Kesho yake, siku ya Mungu, watu walitoka Mpala na maneno mabaya: kuna wenye bunduki wanazunguka kwenye bandari, wanangoja boti. Tukarudi kwenye foni. Kule Mpala watu wote walikuwa misani. Alijibu Faustin peke yake.

Nilikuwa nimesimama nyuma ya kiti cha Dezire. Nilisikia kila neno.

"Faustin, hatutafika bandarini. Tutashukia kwenye kijito, pale chini ya shamba letu la muhogo. Umuambie mama atungoje kule na muzigo wake. Apandie pale pale, tugeuze. Terminé."

"Nimesikia vizuri, kaka. Ninaenda kumuambia mimi mwenyewe. Terminé."

Habari ya kijito ilitoka kwenye kinywa cha Dezire ikaingia kwenye sikio la Faustin. Mwenye boti tulimuambia tukiwa tayari majini.

Siku yenyewe ziwa lilikuwa limelala. Mutoto alikuwa anajaribu meno yake mapya kwenye kidole cha baba yake, na Dezire anajidai analia kwa uchungu, na Feza anamuambia, "Acha kumufundisha uongo." Tulipokaribia kijito, mwenye boti alizima moteri, tukaingia kwa kupiga kasia.

Mama hakuwa pale. Alikuwa yule muntu, ndani ya maji.

Yaliyofuata nimekwisha kuyasema.

Walipomuchukua Dezire walituacha na boti yetu. Mwenye boti alivuta kamba ya moteri akisahau kufungua mafuta, haikuwaka. Fundi hakuwako. Tukapiga kasia mpaka bandari ya Mpala, na wenye bunduki tuliokuwa tumeambiwa habari zao hatukuwakuta. Bandarini alikuwako mama. Amevaa kitenge cha misa, ameketi juu ya muzigo wake, pembeni yake sufuria ya bukari na samaki, imefunikwa vizuri.

Alimuangalia mutoto kwanza. Akamufungua kinywa kwa kidole, akaona meno. Akacheka. Kisha akahesabu vichwa vya watu ndani ya boti.

"Dezire yuko wapi?"

"Mama," nikasema, "Faustin hakukuambia tunashukia kwenye kijito?"

"Kijito gani?"

Nilikaa chini, kwenye muchanga.

Tulimuleta mama Kalemie ile siku ileile, bila kelele. Hakulia. Alisema tu mutoto wake hana viatu.

Tulimutafuta Dezire kama watu wanavyotafuta wakati wa vita, kwa kuuliza kila anayetoka porini. Mwanamuke mumoja alisema aliona muntu anatengeneza moteri za boti zilizonyang'anywa, kwenye kambi moja mbali na ziwa, na kwamba alikuwa anauma chuma kwa meno. Basi alikuwa hai wakati ule. Baada ya hapo, hakuna tena neno.

Vita ilipopoa, wenye bunduki walitoka porini kwa ngoma na hotuba. Nilienda kuangalia, kama wote. Komanda wao alipanda jukwaani kusema kwamba sisi wote ni ndugu. Ilikuwa sauti ile ile ya pole. Mwenye boti alikuwa karibu yangu, akanishika mukono, akasema, "Mama Adele, njo yeye." Wanamuita Komanda Lupofwe. Leo anavaa suti, ana biro yake ya kazi yenye meza na mulinzi, anapita na gari na anapunga mukono.

Faustin naye alihamia hapa. Foni zote za upande ule zilivunjwa ao zilinyang'anywa wakati wa vita. Yake haikuguswa. Tena ilipata pano mupya ya kuvuta umeme wa jua juu ya bati, watu wa Mpala ni mashahidi. Telefone zilipokuja aliuza mutambo, akafungua duka. Anauza telefone na inite za kupigia, karibu na soko, mahali ninapopita kila asubuhi na beseni langu la samaki.

Nilikaa muda mrefu bila kuingia. Nilipoingia, alinitambua mara moja.

"Yaya! Karibu. Mama anaendelea?"

"Habari za kwetu hautazipata tena, Faustin. Za zamani uliuza wapi?"

Aliangalia wateja. Akateremusha sauti.

"Yaya, foni ni hewa. Kila mwenye mutambo alikuwa anaweza kusikia. Wale watu walikuwa na mitambo yao. Unajua vizuri."

"Ninajua. Meno ya mutoto walisikia hewani. Goti langu walisikia hewani. Hata kijito, tuseme walisikia hewani."

"Ndiyo, Yaya."

"Basi kwa nini haukumuambia mama?"

Alichukua kitambaa, akaanza kupanguza kioo cha meza yake.

"Uliahidi utaenda wewe mwenyewe. Kutoka kwenye foni mpaka mulango wa mama hata mutoto anaweza kutupa jiwe likafika. Mama alikaa bandarini, hajui kitu. Ulijua hapakuwa na sababu ya kumuambia, kwa sababu ulijua nani anatungoja kule."

Kioo kilikuwa safi zamani, lakini aliendelea kupanguza. Muteja mumoja aliuliza bei ya sharja.

Nilipeleka maneno haya kwa wakubwa. Waliniambia nilete ushahidi. Niliwaambia ushahidi ni mama yangu na sufuria yake pale bandarini. Waliniambia vita imekwisha, mama, turudishe umoja. Ninapenda umoja. Lakini umoja gani ambao mimi ninauza samaki nje ya duka lake, na yeye ananiuliza hali ya mama?

Siku hizi familia yetu inaongea kwa telefone. Kila siku ya Mungu jioni sauti zinaingia: dada yangu kutoka Moba, mujomba kutoka Kigoma, watoto wa shangazi wanaofanya kazi Kabimba. Nani amezaa, minerval ya shule imepanda, mwaka huu muhogo umeoza, kumbuka siku Dezire alipofufua moteri ya padri akakataa kulipwa isipokuwa jogoo. Wanacheka, na mimi ninacheka, kwa sababu hadithi ni tamu na jogoo yenyewe nilisaidia kuila. Mutoto wa Feza anapenda hizo hadithi. Amekuwa mukubwa, anasoma, na anauma kalamu.

Feza mwenyewe anakaa na mimi. Muntu muzuri alitaka kumuoa, mufanyakazi wa kiwanda cha chokaa. Wazee walimuuliza, "Bwana wako amekufa?" Akasema hajui. Walimuuliza, "Yuko hai?" Akasema hajui. Yule muntu alingoja, akachoka, akaoa mwingine. Feza si mujane na si muke wa muntu.

Dada yangu wa Moba anataka tusome misa ya wafu na tumalize kilio. Mama amekataa. Siku alipoambiwa hivyo alimujibu kwa telefone, mbele yangu, bila hasira:

"Ninyi mumepata habari gani ambayo mimi sina? Kama hamuna, munamuzika nani?"

Amezeeka sana. Macho yamekwisha. Hajui kwamba Faustin ana duka hapa mujini, na ninyi munaosoma musimuambie, kwa sababu atataka kutembea mpaka kule.

Mimi siombi pesa, wala siombi wafungwe maisha. Nimekwisha kuona jela zetu na milango yake. Ninataka wale wawili, Komanda Lupofwe aliyemuchukua na Faustin aliyemutoa, wakalishwe kwenye viti mbele ya mama yangu, muchana, na wenye sheria wakiwapo. Waseme walimupeleka Dezire wapi. Kama yuko hai, wataje mahali, tutaenda kwa miguu. Kama amekufa, watuonyeshe udongo wenyewe, na waseme nani alimuua na kwa sababu gani, mama angali na masikio ya kusikia.