Shwari Apewa Hadi Jumamosi

Mmenisumbua vya kutosha. Kila anayeingia humu ndani: "Bibi, tuandikie habari za Mlinzi na mbwa wake." Kwani nyinyi hamna mikono? Mmesoma mpaka mkaota vipara, mimi niliishia kuandika jina langu na orodha ya sokoni, halafu kalamu mnanikabidhi mimi. Haya, nitaandika. Lakini mtu asinisahihishe.

Mlinzi ni binti wa marehemu dada yangu. Jina analo, ila hata mimi niliyekuwepo akizaliwa silitumii tena. Miaka ishirini na miwili amelinda ghala la saruji, mkononi kamba, mwisho wa kamba mbwa. Ni mwanamke mrefu, mkavu, asiyejua kukaa. Ukimpa kiti anakikagua kama kimeibwa. Chai anainywa wima, akienda mlangoni na kurudi, mlangoni na kurudi, mpaka wewe uliyekaa ndiye unayechoka.

Kampuni ilipofunga kamera pale ghalani, walinzi wenye mbwa waliambiwa asanteni. Mbwa wakapata watu wa kuwachukua, isipokuwa mmoja: dume la kahawia, sikio limechanika, anayebwekea hata kivuli cha ndoo. Mlinzi ndiye aliyemfunza tangu mdogo. Jina lake Shwari. Aliyempa jina hilo sijui alikuwa anaomba dua au anatania.

Akamchukua. Angefanyaje? Akampeleka kwenye vile vyumba viwili anavyokaa na mdogo wake, Fundi, anayeshona sare za shule kwenye cherehani ya dirishani. Nyumba ina wapangaji watano na lango moja. Haikupita wiki, Shwari akamrukia msoma mita. Mguu ulipona, suruali haikupona.

Jumatatu mwenye nyumba akaja mwenyewe, akasimama nje ya lango, mkoba kifuani.

"Jumamosi asubuhi nitaingia hapa kwa miguu yangu," akasema. "Akinirukia, daktari wa mifugo atakuwa garini na sindano yake. Mbwa atalala, na hataamka. Sitaki mjadala."

"Na asipokurukia?"

"Basi atakaa. Lakini mama, mbwa huyu na mimi tunajuana."

Kuanzia hapo Mlinzi hakutulia. Siku tano! Mbwa mwenye hofu hafunzwi kwa siku tano, alilijua hilo kuliko mtu yeyote. Wengine wanadhani mbwa anayebweka ni jeuri. Si jeuri, ni mwoga anayewahi kupiga kelele kabla hajapigwa. Ukimchapa unamwambia: ulikuwa na haki ya kuogopa. Anachotaka ni mtu wa kusimama mbele yake na kumwambia kwa mwili wote, hili niachie mimi.

Basi akachemsha maini, akayakata vipande vidogo kama punje za mahindi, akamtoa Shwari uwanjani. Fundi akapewa kazi ya kuwa mgeni. Aingie langoni na furushi la nguo kichwani, apite, atoke, aingie tena.

"Mimi nina sare arobaini za kumaliza," Fundi akalalamika.

"Ingia."

"Ningejua kuzaliwa wa pili ni kazi ya ubwekewaji, ningetangulia."

"Ingia, mdogo wangu, usinitie wazimu."

Umbali wa hatua thelathini, Shwari alimtazama Fundi, masikio juu. Mlinzi akangoja. Hakuvuta, hakukemea. Mbwa akageuza kichwa, akamtazama yeye. Hapo hapo ini. Tena. Tena. Jumanne wakafika hatua ishirini. Jumatano, kumi na tano, na mbwa anakula, maana mbwa mwenye hofu kubwa hata umpe ng'ombe mzima hali. Mlinzi akaanza kutabasamu kwa upande mmoja wa mdomo.

Lakini kwenye hatua kumi ukuta! Kila Fundi alipofika karibu na ndoo ya kufulia, Shwari alilipuka. Meno, mate, miguu ya mbele hewani. Wakarudia mara sita, mara sita akalipuka. Wakahamisha ndoo. Wakabadilisha furushi. Fundi akavua kilemba. Bure. Alhamisi nzima ikaenda hivyo, na Mlinzi akawa anazunguka uwanja kama aliyedondosha pete. Anaingia ndani, anasahau alichofuata, anatoka. Wapangaji wakachungulia. Mmoja akauliza kama mbwa ndiye anayefunzwa au yeye.

Ijumaa Fundi akagoma. Akamwita mpangaji wa chumba cha pembeni awe mgeni, yeye akarudi kwenye cherehani. Na kwa kuwa alikuwa dirishani, akamwona dada yake kwa ubavu, kitu ambacho siku zote zile hakukiona.

"Dada! Mkono wako unafanya nini?"

"Mkono upi?"

"Huo wa kamba. Mgeni akikaribia unaizungusha. Mara mbili, kama mimi ninavyozungusha uzi kwenye kibobini."

"Sizungushi kitu."

"Nyani haoni kundule. Rudieni."

Wakarudia. Mlinzi akautazama mkono wake mwenyewe. Mgeni hatua kumi, na mkono, bila kumuuliza mwenye mkono, ukazungusha kamba mara mbili kwenye kiganja. Shwari akalipuka.

Mlinzi alikaa chini. Yeye, asiyekaa, alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Kule ghalani palikuwa na mstari wa manjano. Mgeni akiukanyaga, mlinzi anazungusha kamba mara mbili ili mbwa asimponyoke, kisha anamwachia abweke mgeni aogope. Ndiyo kazi ilivyokuwa. Kumbe mbwa hakuwa anamwogopa Fundi, wala ndoo. Alikuwa anasikia kamba ikimwambia: adui huyu hapa. Na alitii. Miaka yote alikuwa mbwa mtiifu kuliko wote, na kwa utiifu huo kesho angechomwa sindano.

"Mwiba wa kujidunga," akasema, na hakumaliza methali.

"Pole hata hivyo," Fundi akasema. "Lete huo mkono."

Fundi akashona mkanda wa kitambaa cha sare, safu tatu, akaufunga kiunoni mwa dada yake na kuifungia kamba hapo. Mikono ikabaki wazi, ikahangaika, haijui pa kwenda. Fundi akaipa kikombe cha maji kilichojaa mpaka ukingoni. "Yakimwagika, kosa si la mbwa."

Mchana ule yalimwagika yote. Miguu ya Mlinzi ililowa mpaka magotini. Kufikia jioni, kikombe kilibaki nusu, na Shwari alikuwa amebwekea mgeni mara mbili tu.

Jumamosi mwenye nyumba aliwahi. Saa mbili kamili, gari nje, daktari ndani yake. Mlinzi alikuwa hajanywa chai. Kamba ilikuwa kiunoni, mikono wazi. Lango likafunguka, na mwenye nyumba akaingia akikanyaga kwa kishindo makusudi, macho yamemtoka, mkoba mbele kama ngao.

Shwari akanguruma.

Mlinzi akasogea hatua moja, akasimama kati yao. Hakumsemesha mbwa. Aliyeambiwa ni mwenye nyumba.

"Mzee, simama hapo. Usimtazame machoni. Geuka ubavu."

"Mimi nigeuke? Kwenye nyumba yangu?"

"Unatetemeka, na yeye anaona. Teremsha mkoba. Pumua."

Sijui ni sauti gani aliyoitumia, ila yule mzee aligeuka. Mkoba ukashuka. Nyuma ya mgongo wa Mlinzi pakawa kimya, kimya kirefu, na hakuthubutu kugeuka kutazama. Kisha Shwari akabweka. Mara moja. Na baada ya hapo Mlinzi akahisi pua yenye unyevu ikigusa kidole chake, ikiuliza ini liko wapi.

"Amebweka," mwenye nyumba akasema.

"Amebweka. Hakuruka."

Mzee akafuta shingo kwa leso. Akapita, polepole, ubavu ubavu kama kaa, mpaka kwenye kibaraza. Alipotaka kutoka akarudi vile vile. Langoni akasema mbwa avae kifunga mdomo kila mgeni anapokuja, na kwamba mwezi ujao atapita tena bila taarifa. Gari likawashwa. Daktari alimpungia Shwari mkono dirishani, mkoba wake haujafunguliwa.

Fundi akapiga vigelegele. Mlinzi yeye hakushangilia. Alikuwa ameshaanza kuhesabu siku za mwezi.

Nimemaliza, vidole vinaniuma. Sasa zamu yako. Kama una mbwa umemfunga kamba fupi nyuma ya nyumba kwa sababu ni mkali, nenda leo, kabla hujala, ukae naye chini bila kusema kitu mpaka akutazame mwenyewe. Halafu niandikie umeona nini. Kwa herufi kubwa, na usinidanganye.